Chambo Chini ya Barafu

Mwezi Februari, katika misitu ya kaskazini mwa Kanada na Alaska, bwawa la biva halina dalili ya uhai. Theluji imelifunika lote. Kinachojitokeza ni kichuguu kimoja tu cha fito na matope yaliyoganda, kigumu kiasi kwamba mbwa mwitu hupanda juu yake, akanusa, akaenda zake. Lakini chini ya barafu, ambayo huenda imefika unene wa nusu mita, familia nzima iko macho. Biva halali msimu mzima wa baridi kama dubu. Anakula, anaogelea, anawalea watoto wa mwaka jana pamoja na wakubwa wao wa mwaka juzi, na chakula cha wote kiko mlangoni tangu Oktoba.

Hapo ndipo ugumu wa mtegaji unapoanzia. Anayetega panya jikoni anategemea njaa ya panya. Anayetega biva chini ya barafu anatega mnyama aliyeshiba, mwenye ghala lililo karibu na kitanda chake kuliko mtego wowote. Atamshawishi kwa kitu gani? Nimesoma na kusikia majibu mengi ya swali hilo, mengine ya ajabu, lakini karibu yote yaliyo na maana yanarudi kwenye jambo moja: ubichi. Utamu haumhangaishi biva wa Februari. Kinachomtoa ni gome bichi, kwa sababu hicho ndicho ghala lake limeshindwa kumtunzia.

Ili kuelewa jambo hilo inabidi tumtazame mnyama mwenyewe kidogo. Biva wa Amerika Kaskazini ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote wa bara hilo. Biva mkubwa huwa na kilo 16 hadi 30. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo ndani yake. Midomo yake hufunga nyuma ya meno hayo, kwa hiyo anaweza kukata fito chini ya maji bila kumeza maji. Pua na masikio hujifunga anapozama, na macho hupata utando angavu wa kuyakinga. Anaweza kubana pumzi hadi dakika 15 akilazimika, ingawa kwa kawaida hurudi mapema zaidi.

Ukuta anaoujenga kukinga kijito una kazi moja kubwa: kuyapa maji kina ambacho baridi haiwezi kukigandisha hadi chini. Mlango wa nyumba yake uko ndani ya maji, na kando ya mlango huo ndipo ghala lilipo, rundo kubwa la matawi yaliyokatwa kabla ya baridi. Hapa kuna siri ambayo wategaji wageni huikosa. Biva huanza kwa kuweka juu ya maji matawi asiyoyapenda sana, au fito alizokwishamenya, na haya ndiyo yanayogandamana na barafu na kuwa paa. Chakula chenyewe, yaani mpopla, mierebi na betula, husukumwa chini ya paa hilo, mahali ambapo barafu haifiki. Anayesimama juu ya barafu akaona matawi ya aina fulani yamechomoza, kisha akaenda kukata ya aina hiyohiyo kwa ajili ya chambo, amechukua takataka akampelekea mwenye nyumba kama zawadi.

Kadiri miezi inavyosonga, ghala linazeeka. Gome lililokaa majini tangu Oktoba linalainika, linapoteza ladha na kuwa jeusi. Biva wakubwa wanapungua uzito, na mafuta yaliyohifadhiwa mkiani yanatumika. Hata mpangilio wa siku unapotea. Watafiti waliofuatilia biva chini ya barafu walikuta kwamba, bila mwanga wa jua wa kuwaongoza, mzunguko wao wa kulala na kuamka hurefuka na kufika saa 26 hadi 29. Kwa mtegaji maana yake ni kwamba hakuna saa ya biva kutoka. Mtego unaweza kutembelewa adhuhuri sawa na usiku wa manane.

Kwa hiyo wakati una uzito zaidi kuliko aina ya chambo. Mwezi Desemba, ghala likiwa bado jipya, unaweza kutundika fito bora kabisa ya mpopla na biva akaipita bila kuigusa. Mwezi Machi fito ileile huliwa mara moja. Ila Machi barafu ni nene, na kila tundu ni jasho la nusu saa kwa mtaimbo, au kelele na moshi wa msumeno wa mnyororo. Wategaji wengi hutatua hili kwa kubadili mbinu: mwanzoni mwa msimu, barafu ikiwa nyembamba, hutega kwenye njia bila chambo chochote, chambo husubiri mwisho wa msimu.

Kutega njiani ni kazi ya macho na masikio. Biva akiogelea, hewa iliyonaswa kwenye manyoya yake hutoka, nayo hupanda na kuganda chini ya barafu kama viputo vyeupe. Barafu ikiwa safi, unaweza kuifuata mistari ya viputo hivyo kutoka kwenye nyumba hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi kwenye mashimo ya ukingoni. Ikifunikwa na theluji, masikio yanachukua nafasi ya macho. Samuel Hearne, mtumishi wa kampuni ya biashara ya ngozi, Hudson's Bay Company, aliyesafiri na Matonabbee, kiongozi wa Wadene, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, kati ya 1770 na 1772, aliona watu wa huko wakitembea kando ya ukingo huku wakigonga barafu kwa mtaimbo uliofungwa kwenye mpini mrefu. Kwa mlio tu walijua penye shimo chini na pasipo na shimo. Kisha waliziba kijito kwa vigingi, wakaibomoa nyumba, na biva walipokimbilia kwenye mashimo yao ya akiba waliwavuta nje kwa mikono au kwa ndoano kubwa. Hapakuwa na chambo wala mtego. Chuma pekee kilichohitajika kilikuwa ule mtaimbo, na si ajabu kwamba mitaimbo ya barafu ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa sana kwenye vituo vya biashara ya ngozi.

Kitabu cha Hearne, kilichotoka 1795, kina jambo jingine linalohusu mada hii. Anasema chakula kikubwa cha biva ni mzizi mnene unaoota chini ya maziwa, na maelezo yake yanalingana na mzizi wa yungiyungi la njano. Yeye mwenyewe alifuga biva nyumbani kwake kwenye ngome ya kampuni, na wageni hao walipenda wali na pudini ya matunda makavu. Wali! Mnyama aliyezaliwa kwenye baridi ya Hudson Bay, na akila wali. Nadhani hapo ndipo mtu anapaswa kuanza kufikiri juu ya vyambo vya kubuni, kwa sababu ni ushahidi kwamba biva hana ukaidi wa chakula. Atakula vitu vingi vya mimea, mradi avifikie.

Kabla ya kufika huko, niondoe kosa moja la kawaida. Watu wengi wakisikia chambo cha biva hufikiria kastoreumu, majimaji yenye harufu kali yanayotoka kwenye vifuko viwili karibu na mkia wa mnyama huyu. Biva huyatumia kuweka alama kwenye mipaka ya eneo lake, na kwa mtegaji wa majira ya kuchipua hakuna kitu kinachoishinda: paka kidogo kwenye kilima cha matope ukingoni na mwenye eneo atakuja kwa hasira kuuliza ni nani aliyeingia. David Thompson, mpima ardhi na mfanyabiashara wa manyoya, aliandika jinsi mitego ya chuma pamoja na harufu hii ilivyowafagia biva katika maeneo makubwa mwishoni mwa karne ya 18. Chini ya barafu, hata hivyo, mnyama amefunga pua. Harufu uliyoinunua kwa bei kubwa inabaki majini bila kazi. Wapo wategaji wanaoipaka hata hivyo, wakisema haidhuru. Haidhuru kweli, lakini pia haimleti mtu.

Kinachofanya kazi ni nguzo. Huu ndio mtego mkuu wa chini ya barafu wenye chambo, na ninauelezea kwa urefu kwa sababu kila hatua yake ina sababu. Unatafuta msonobari uliokufa ukiwa umesimama, mkavu, wenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa kutosha kufika sakafu ya bwawa huku ncha ikibaki juu ya barafu. Ukavu si hiari. Ukitumia mti mbichi unaoliwa, biva atakula nguzo yenyewe, na mtego utaanguka matopeni pamoja na waya wako. Juu ya nguzo unapigilia kipande cha mti kikingame, ili mnyama asiweze kuivuta ikapita kwenye tundu. Fito za chambo, tatu au nne, zenye unene wa kidole gumba, zinafungwa kwa waya juu na chini. Kamba haifai, maana itakatwa kwa meno mara moja. Zikifungwa mahali pamoja tu, biva huzinyofoa akaenda kuzila nyumbani, na wewe umefanya kazi ya kumjazia ghala. Zikibanwa sawasawa, inambidi akae hapohapo agugune, na muda huo anaokaa ndio unaomnasa.

Gome la fito hukwanguliwa sehemu mbili tatu ili weupe wa mti uonekane. Wategaji husema biva huuona weupe huo hata kwenye giza la chini ya theluji. Mimi naamini kidogo zaidi katika masharubu ya mnyama kuliko katika macho yake, lakini sijaona mtegaji mzoefu anayeacha kukwangua, na huo ni ushahidi wa aina yake.

Mtego unafungwa kwenye nguzo kiasi cha shubiri mbili chini ya uso wa chini wa barafu. Barafu hukua kwenda chini kila usiku wa baridi kali, na mtego uliowekwa karibu mno utakutwa asubuhi umemezwa na barafu, haufungi wala haufunguki. Mwisho, tundu linafunikwa kwa matawi ya msonobari na theluji juu yake. Theluji ni blanketi. Tundu lililofunikwa vizuri hufunguka kwa mapigo machache, lililoachwa wazi ni kuanza upya.

Mtego wenyewe siku hizi mara nyingi ni wa aina ya Conibear namba 330, fremu mbili za chuma zenye upana wa takriban sentimeta 25 na springi kali pande mbili. Frank Conibear, aliyeubuni, alikuwa mtegaji kaskazini mwa Kanada kwa miaka mingi kabla ya kuchukizwa na mateso aliyoyaona kwenye mitego ya kushika mguu. Alitaka mtego unaoua papo hapo, na aina yake ilianza kuuzwa miaka ya 1950. Springi za 330 zinaweza kuufunga mkono wa mtu mzima asiweze kujitoa. Mtegaji aliye peke yake kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, huku mkono mmoja umebanwa, ana dakika chache za kufikiri, ndiyo sababu wenye busara hubeba kipande cha kamba mfukoni cha kuzibana springi hizo kwa mguu na mkono mmoja.

Asiyekuwa na 330, au asiyetaka kubeba chuma kizito msituni, hutumia tanzi. Huko Alaska nguzo yenye tanzi mbili hadi nne za waya wa kusokotwa, zilizotandazwa kuzunguka fito za chambo, ni jambo la kawaida. Ni nafuu, ni nyepesi, na waya mmoja hutosha kutegea nguzo nyingi. Tatizo lake nitalirudia punde.

Sasa vyambo vya kubuni. Kuna mabwawa ambayo mpopla umekwisha kabisa, biva wenyewe wakiwa ndio walioumaliza. Hapo wengi hukata mierebi. Wengine hubeba fito za mpopla kwa pikipiki ya theluji kutoka kilomita nyingi, na kwa maoni yangu hao ndio wenye akili zaidi, kwa sababu wanaleta kitu ambacho mnyama anakijua lakini hajakionja kwa muda mrefu. Wapo wanaofunga karoti, tufaha, au vipande vya viazi vitamu kwenye nguzo. Karoti ina faida mbili: rangi yake inaonekana, na haielei ikapotea kwa urahisi ikishafungwa kwa waya uliopita katikati. Hasara yake ni kwamba ikiganda kabla ya kufika majini huwa tope la rangi ya chungwa baada ya siku mbili. Tufaha huoza vilevile. Mzizi wa yungiyungi ungekuwa bora kuliko vyote, lakini nani atauchimba chini ya nusu mita ya barafu? Anayeutaka auchimbe Septemba na kuuhifadhi pasipo baridi kali.

Hukumu yangu ni kwamba mboga za dukani hufaa pale tu ambapo mti mbichi haupatikani, na hata hapo biva mara nyingi huhitaji siku kadhaa kuzizoea. Fito ya mpopla haihitaji kuzoewa.

Methali inasema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na chini ya barafu wasiokuwemo ni fisi maji. Wanapita kwenye njia zilezile za biva na kutumia mashimo yao yaliyoachwa. Mtegaji anayejali, au anayefuata sheria za mahali ambapo fisi maji wanalindwa, husogeza kichochezi cha 330 pembeni ya fremu badala ya kukiacha katikati. Mwili mwembamba wa fisi maji una nafasi ya kupita. Mwili mpana wa biva hauna.

Nirudi kwenye lile tatizo la tanzi. Mwaka 1997 Kanada, Urusi na Umoja wa Ulaya walikubaliana viwango vya utegaji usio wa mateso, na biva yumo kwenye orodha ya wanyama wanaohusika. Kwa mitego ya kuua, biva anapaswa kupoteza fahamu ndani ya sekunde 300, na mtego unapimwa kwa wanyama wasiopungua 12, asilimia 80 kati yao wakitimiza sharti hilo. Mitego ya 330 iliyotengenezwa vizuri inaweza kufanya hivyo kwa kubana shingo na kifua. Tanzi chini ya barafu haina nguvu hiyo, inamshikilia mnyama mpaka akose hewa, na mnyama anayeweza kubana pumzi kwa dakika nyingi hafi haraka. Watetezi wa tanzi wanasema ni njia ya watu wa vijijini wasio na fedha za chuma. Ni hoja ya kweli, lakini haimpunguzii mnyama dakika hata moja. Mwenye uwezo wa kutumia 330 atumie 330.

Usalama wa mtegaji mwenyewe ni suala jingine. Sentimeta 10 za barafu safi zinatosha kumbeba mtu anayetembea, hivi ndivyo wanavyoelekeza huko, lakini kipimo hicho hakitumiki karibu na nyumba ya biva. Wanyama wanaopita mara kwa mara huyatikisa maji na kuifanya barafu iwe nyembamba juu ya njia zao, na theluji inaficha yote. Mahali penye biva wengi ndipo pia penye hatari nyingi. Kugonga kwa mtaimbo kabla ya kila hatua bado ndiyo kinga bora.

Linabaki swali la idadi. Miaka ya 1930, biva walipokuwa wametoweka karibu na James Bay, hifadhi za biva zilianzishwa kwa ajili ya Wakree, wenyeji wa eneo hilo, na kila familia ikawa na eneo lake la kuhesabu nyumba kabla ya kutega. Wawindaji Wakree wa Waswanipi, huko Quebec, wamezoea kuacha sehemu za maeneo yao zipumzike kwa miaka kabla ya kurudi. Hakuna chambo kinachofidia bwawa lililomalizwa. Mtegaji anayewatoa wote katika msimu mmoja hana cha kutegea msimu ujao.

Leo biva wa Amerika Kaskazini wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 15. Baadhi ya wanaonaswa sasa hunaswa kwa sababu wamefurisha barabara, siyo kwa ajili ya kofia za Ulaya zilizotengenezwa kwa manyoya yao. Hudson's Bay Company, iliyopewa hati ya kifalme Mei 1670 na kuishi kwa ngozi za mnyama huyu, ilifunga maduka yake yote Juni 2025. Biva bado yuko kwenye sarafu ya senti tano ya Kanada, alipowekwa mwaka 1937.